Gershom Kasuba, Msanifu wa Simulizi za Vipaji

"Nipeni kazi yoyote ile, hata ya kuzoa mavi ya kuku! Nitaitungia tangazo mpaka huyo anayeyazoa sasa hivi aache koleo, akaoge, aje aiombe upya!"

Hayo aliyasema Gershom Kasuba mbele ya kadamnasi, kipaza sauti mkononi, kwenye chilanga mulilo ya mdogo wake pale Chilenje, siku ambayo wakwe humpikia bwana harusi mtarajiwa kila chakula watakachomlisha maisha yake yote, ili baadaye asijifanye mgeni wa sahani. Kasuba alikuwa amekula kuku wa kienyeji, dagaa wa kapenta wa kukaanga, majani ya viazi yaliyoungwa karanga, na ugali wa nshima wa kutosha kujengea ukuta. Mtu aliyeshiba hivyo hapewi kipaza sauti. Wao walimpa.

Watu wakacheka na kupiga vigelegele. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni Madalitso Jere, mfanyakazi mwenzake, Mngoni wa Chipata, aliyealikwa kwa kazi moja tu: kumharibia Kasuba starehe. Wangoni na Wabemba, kabila la Kasuba, walichapana zamani kwa mikuki, na tangu walipochoka wanachapana kwa midomo, msibani, harusini na ofisini, wala hakuna anayeruhusiwa kununa. Jere akainuka na paja la kuku mkononi. Paja hilo alikuwa amelichomoa kwenye sahani ya Kasuba bila kuuliza. Mtani haombi, na bei haulizi.

"Wee mla nyani! Iko siku utajitungia mwenyewe, na utaomba!"

"Kaa chini, mla panya," Kasuba akamjibu kwenye kipaza sauti. "Hilo paja limekuzidi kimo. Wewe umezoea vile vya kushika mkia."

Ukumbi mzima ukalala kwa kicheko. Hakuna aliyedhani Jere ametabiri kitu, na Jere mwenyewe hakudhani.

Sasa, Kasuba hakuwa muongo. Kutunga matangazo ya kazi ndiyo ilikuwa riziki yake, katika ofisi moja ya kutafutia makampuni wafanyakazi, ghorofa ya tatu, Barabara ya Cairo, juu ya duka la miwani. Kampuni ilileta haja yake kwa lugha ya kawaida, kwamba tunataka mlinzi asiyelala. Kasuba akairudisha ikiwa imevaa suti: *Mratibu wa Usalama wa Nyakati za Usiku, mwenye shauku na ari ya mafanikio.* Mfagiaji akawa Balozi wa Mazingira Safi. Msichana wa kutukanwa na wateja kwenye simu akawa Bingwa wa Furaha ya Mteja. Kulikuwa na duka la magodoro pale Kamwala lililotaka vijana wa kubeba magodoro. Kasuba akaandika *Washauri wa Usafirishaji wa Mapumziko*, wakaja watu wenye shahada zao, wamefunga tai, na magodoro wakayabeba na tai zao hivyo hivyo, kwa sababu wakishafika mtu anaona aibu kurudi nyumbani.

Mchana, umeme wa mgawo ukikatika na kompyuta zikanyamaza, Kasuba na Jere walikaa ngazini na kopo la vitumbua alivyokaanga mke wa Kasuba. Kasuba alisoma tangazo la siku hiyo kwa sauti ya mchungaji, na Jere akalitafsiri huku anatafuna vitumbua visivyo vyake.

"Mazingira ya kazi yenye kasi," Kasuba alisoma.

"Hakuna kula mchana."

"Awe na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo."

"Bosi ana mdomo."

"Anayejituma bila kusimamiwa kwa karibu."

"Aliyekuwepo kabla yake amekimbia, hakuna wa kumfundisha."

"Mshahara wenye ushindani."

"Mtashindana, wewe na mshahara, nani atafika mwisho wa mwezi. Leta kingine hicho, mla nyani, kabla hakijapoa."

"Sisi ni familia."

Hapo Jere alifungua mdomo, na kila mara Kasuba alimwinulia kidole. Hilo usiliguse. Mengine yote aliyacheka, lakini hilo la familia alikuwa ameliandika yeye kwa mkono wake, na yeye ndiye mtu pekee mjini Lusaka aliyeliamini.

Alikuwa na sababu. Bosi wao, Madamu Namasiku, mama wa Kilozi mwenye mabega mapana na umbo la kulijaza gari lote, alimwokota barabarani. Kasuba wa wakati huo alikuwa kijana anayeuza magazeti kwenye taa za Barabara ya Cairo, na alikuwa na ugonjwa mmoja: vichwa vya habari vilivyochapishwa aliviona vimepooza, akavitunga vyake. Watu walinunua gazeti kwa kelele za Kasuba, wakifungua ndani hawaikuti ile habari. Siku moja Madamu Namasiku alinunua, akasoma lote, akashusha kioo cha gari.

"Kijana, hii habari ya mbunge aliyemeza pete iko ukurasa wa ngapi?"

"Bado wanaiandika, mama."

Alicheka mpaka taa zikageuka kijani mara mbili, magari ya nyuma yanampigia honi. Wiki iliyofuata Kasuba alikuwa na meza. Na baba yake alipofariki, Madamu Namasiku alifika msibani Chilenje, akavua viatu vyake vya bei, akajifunga chitenge, akaketi chini na akina mama, kisha akashika mwiko na kusonga nshima ya waombolezaji. Bosi mzima. Jasho linamtoka. Mtu akikusongea nshima ya msiba wa baba yako, ukiandika "sisi ni familia" unaandika ulichokiona.

Tena alikuwa amemwahidi kiti. Kwenye chumba cha watungaji kulikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, chenye magurudumu, kando ya dirisha, cha mkuu wa chumba. Mzee aliyekikalia alikuwa amestaafu, amerudi kwao Mongu kufuga, na kiti kikabaki kitupu kikikusanya vumbi. "Hicho ni chako, mdogo wangu," Madamu alimwambia. "Subiri mambo yakae sawa." Kasuba akasubiri. Hakuwahi kukikalia hata kwa mzaha. Alikifuta vumbi tu kila Jumatatu, na nyumbani alishamwambia mkewe, mama mkwe na kwaya nzima ya kanisa kwamba mkuu wa chumba ni yeye, bado kutangazwa.

Mambo hayakukaa sawa. Wateja walianza kupungua. Waligundua kwamba maneno ya Kasuba yanaweza kutoka kwenye mashine, bure, na mashine haili vitumbua. Kisha akaja Sepo, mpwa wa Madamu, kijana mwenye viatu vyeupe asiyesalimia watu wa ngazini. Aliiambia kompyuta "niandikie" na kompyuta ikaandika. Kasuba alisoma kazi yake moja, akasikitika. "Haina chumvi," alimwambia Jere. "Kijana ameandika 'mwenye ari' mara nne kwenye aya moja. Ari yote hiyo ya nini? Anataka kupigana?"

Ilikuwa asubuhi ya mvua za mwisho mwisho Madamu Namasiku alipomwita.

"Funga mlango, mdogo wangu. Kuna mteja mkubwa. Hataki jina lake lijulikane."

"Sawa, Madamu. Anatafuta nani?"

"Mtu wa maneno." Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Awe kijana. Awe anazijua hizi mashine mpya. Asiwe na mazoea ya zamani."

"Kwani aliyepo ana mazoea ya zamani?"

"Anayo mengi. Lakini ni mtu mzuri." Akakoroga tena. "Ni mtu mzuri sana, Gershom."

"Basi tusimtukane hadharani, masikini. Tuandike 'anayekuja na mtazamo mpya'. Wakongwe wakisoma wanajua si wao, wala hawaumii."

Madamu akaweka kijiko chini. "Wewe una moyo," akasema.

Kasuba akatoka kifua mbele. Alijua huu ndio mtihani wa kile kiti. Mteja mkubwa, wa siri, na kazi amepewa yeye badala ya Sepo. Akaifanya siku nzima. Hakunywa chai. Alitafuta jina la cheo kama mtu anayemtafutia mtoto wa kwanza jina, na lilipomjia akalitamka kwa sauti peke yake: *Msanifu wa Simulizi za Vipaji.* Halafu mengine yakafuata yenyewe. *Je, wewe ni mchochezi wa mageuzi? Je, maneno yako huamsha ndoto zilizolala? Taasisi kinara, iliyo kwenye safari ya ukuaji, inamwalika mbunifu mwenye mtazamo mpya kuja kuunda mustakabali wa ajira nchini Zambia.* Ukilikamua lote likaisha, chini unakuta: mtu wa kuandika matangazo ya kazi. Lakini hakuna aliyelikamua. Mwenye kulitunga hakulikamua, maana siku hiyo alikuwa anamimina.

Jere alikuja nyuma yake, akaingiza mkono kwenye kopo la vitumbua, akasoma kwenye kioo cha kompyuta huku anatafuna. Kutafuna kukapungua.

"Mla nyani."

"Sema, panya wangu."

"Hicho kiti chako hicho wanachotangaza."

Kasuba alicheka akapiga meza. "Umekosa la kusema leo! Hiyo ni kazi ya watu wakubwa. Nyie mkisikia 'taasisi kinara' mnadhani ni shimo la panya lenye milango miwili."

"Nakwambia wewe. Chako hicho."

"Na wewe wameshakutangaza kwenye bucha."

Ndivyo utani ulivyo, na ndiyo maana nasema kosa hili lingemtokea Mbemba mwenye rafiki Mngoni tu. Ukimsema mtu kila siku kwamba amefukuzwa, amefilisika, mkewe amerudi kwao, anakula ndugu zake wa porini, siku ukiwa na la kweli huna mdomo wa kulisemea. Umeshautumia.

Jere hata hivyo alijaribu tena. Kesho yake jioni alimsubiri kwenye ngazi. Hakugusa kopo. Alisimama wima, mikono nyuma, kama amekuja kuposa.

"Ba Kasuba," alisema.

Kasuba alishtuka. Hiyo "ba" ni ya heshima, wanapewa wakwe, wazee na watu wanaokudai. Tangu wafahamiane Jere hakuwahi kumpa.

"Ba Kasuba, naomba unisikilize. Lile tangazo. Lisome tena taratibu. Tafuta kazi yako mahali pengine, mapema, wewe ndiye uanze."

Kasuba alimwangalia ule uso mzito, ile mikono ya nyuma, ile "ba". Kisha kicheko kikampanda toka kwenye magoti. Alicheka mpaka akashika chuma cha ngazi, machozi yanamtoka. "Yesu wangu! Jere, hii ni bora kuliko zote! Umenipa mpaka 'ba'! Rudia, rudia ule uso!"

Jere hakurudia. Alishuka ngazi. Kasuba akabaki anajifuta macho, na nyumbani alimwigizia mkewe tukio zima, sauti na uso.

Mkewe, Mama Mapalo, hakucheka. Alikuwa na gazeti la siku hiyo mapajani, tangazo limekaa nusu ukurasa kama bibi harusi.

"Baba Mapalo, hawa watu hasa hasa wanatafuta mtu wa kufanya nini?"

"Kusanifu simulizi za vipaji."

"Ndiyo nini?"

"Anatunga maneno ya kuwavutia watu wenye uwezo waje kazini."

"Si ndiyo unayofanya wewe?"

"Mimi natunga matangazo ya kazi, mama! Usichanganye mambo. Huyu ni msanifu."

Mama Mapalo akamtazama kama anavyoutazama unga ambao haujaumuka. "Haya," akasema.

Lakini usiku ule neno la mkewe lilimwasha kwa upande mwingine kabisa. Ikiwa kazi inafanana na yake hivyo, basi anaiweza! Alilisoma tena lile tangazo, na safari hii alilisoma kama mwombaji. Je, wewe ni mchochezi wa mageuzi? Ndiyo, alijikuta anajibu. Je, maneno yako huamsha ndoto? Kweli kabisa. Nani huyo anayenijua namna hii? Kiti cha dirishani kilionekana kidogo ghafla, na vumbi lake. Akaandika maombi, kwamba anatafuta upeo mpya, na akayatuma kwenye anwani ya mteja. Kwa siku kadhaa alimkwepa Madamu Namasiku macho, kama mume aliyeonekana Kabwata na mwanamke ambaye mkewe hamjui.

Akapigiwa simu na binti mwenye sauti ya asali: usaili, Alhamisi, nyumba ya wageni fulani kule Longacres. Sasa atatokaje ofisini? Alifanya wanachofanya watu wote. Aliua mjomba.

"Pole sana, mdogo wangu," Madamu alisema. "Yule wa Kabwe?"

"Yule yule."

"Nenda kazike. Mimi mwenyewe Alhamisi nina kikao nje."

Alivyokuwa mwema hivyo, Kasuba karibu aungame pale pale. Alijiambia akiipata kazi atamnunulia chitenge nzuri, ya kuagia.

Alhamisi akavaa suti ya harusi yake. Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji na bakuli la pipi. Nyuma ya meza alikaa Sepo na viatu vyake vyeupe, na kando ya Sepo, miwani puani, kalamu mkononi, Madamu Namasiku.

Madamu akasema, taratibu kabisa:

"Karibu, mdogo wangu. Marehemu hajambo?"

Kasuba alitafuta pa kuuweka uso wake hakuona. Wazo la kwanza lililomjia, na hili linaonyesha mtu alivyokuwa, lilikuwa la huruma.

"Madamu... kumbe na wewe wamekuchukua? Umemfuata mteja?"

"Mteja ni mimi, Gershom."

"Anayetafuta msanifu?"

"Kaa chini. Hakuna msanifu. Ni kazi yako."

"Kazi yangu ipi?"

"Hii unayoifanya. Tangazo si ulilisoma?"

"Nililiandika."

"Basi."

Neno "basi" lilikaa pale mezani katikati ya pipi. Sepo alijikohoza akaangalia simu. Madamu Namasiku akavua miwani, na lazima niseme kweli, macho yake yalikuwa mekundu.

"Sikuwa nalala," akasema. "Nawaza nitakwambiaje, wewe niliyekuzikia baba. Halafu nikaona jina lako limekuja lenyewe, unatafuta upeo mpya. Nikasema Mungu amenirahisishia. Sasa hakuna aliyekufukuza. Umeomba kazi kwingine ukiwa kwenye kazi yangu, na umemuua mjomba ili uje. Umeondoka mwenyewe."

"Nilikuwa nawakimbia kuja kwenu, Madamu."

"Najua."

Akavaa miwani tena, akabadilisha sauti. "Tunathamini sana mchango wako. Huu si mwisho, ni mwanzo wa ukurasa mwingine. Tunakuachia nafasi ukue. Mlango wetu uko wazi daima, na wewe utabaki kuwa sehemu ya familia yetu."

Midomo ya Kasuba ilikuwa inakwenda pamoja na yake, neno kwa neno. Maneno hayo aliyatunga yeye, miaka ya nyuma, kwa ajili ya wateja waliotaka kumtoa mtu kazini bila kelele. Aliyaonea fahari wakati ule. Alimsomea Jere ngazini, na Jere akayatafsiri kwa neno moja: "Toka."

"Umesahau 'tunakutakia heri katika safari yako'," Kasuba akamkumbusha.

"Ah. Tunakutakia heri katika safari yako."

Sepo akauliza, "Shangazi, tunaendelea na usaili au tumwite anayefuata?"

"Kwa kuwa amefika, mhoji. Asije akasema hakupewa nafasi."

Na Kasuba akakaa. Hapo ndipo panapouma kuliko kote. Angeweza kuinuka, kubeba bakuli la pipi na kulimwaga kwenye viatu vyeupe, na mji mzima ungemsifu. Alikaa, akarekebisha tai, kwa sababu bado aliitaka ile kazi. Ilikuwa yake.

"Tueleze," Sepo alisoma kwenye karatasi, "jinsi unavyokabiliana na mabadiliko."

"Hivi unavyoniona."

"Udhaifu wako mkubwa ni upi?"

Kasuba alimtazama Madamu Namasiku, siyo kijana. "Huwa naamini ninayoyaandika."

Madamu akainamia karatasi zake, akaandika kitu kisichokuwepo.

"Tutakupigia," Sepo akasema. Kwenye kamusi ya Jere hilo lilikuwa ukurasa wa kwanza: usikae karibu na simu.

Kesho yake alipanda ghorofa ya tatu kuchukua kikombe chake na koti la mvua. Sepo alikuwa amekaa dirishani kwenye kiti cha magurudumu, anajisukuma mbele na nyuma kwa ncha ya kiatu. Kasuba aliona hakijafutwa vumbi mgongoni. Akajikuta mkono umeenda mfukoni kutafuta leso. Akaurudisha.

Jere alimkuta ngazini.

"Ulijua," Kasuba akamwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Sepo aje. Madamu aliniambia nipange waombaji."

"Na hukuniambia!"

"Mara mbili nilikwambia! Hapa hapa uliposimama nilikupa mpaka 'ba', ukanicheka!"

"Uliniambia kwa utani, Jere. Mtu anaambiwa kifo chake kwa utani?"

Jere akashusha sauti, akatazama juu kuhakikisha mlango umefungwa. "Madamu alinikataza kukwambia. Alisema nikikwambia na mimi nakwenda. Kukutania hakunikataza. Ndiyo njia niliyokuwa nayo, mla nyani. Nina watoto."

Kumbe hata ile "ba" ilikuwa na mlango wa nyuma. Kama Madamu angemuuliza, angejibu: aa, nilikuwa namtania tu, si mnatujua. Kumwonya alimwonya, lakini kwa namna ambayo yeye mwenyewe hawezi kulowa. Kasuba alilitafakari hilo akiwa ameshika kikombe. Ya Madamu Namasiku aliyaelewa: bosi ni bosi, hata akisonga nshima. Lakini huyu Jere alikuwa amekula vitumbua vyake miaka yote bila kulipa, kwa haki moja tu, kwamba wao si watu baki.

"Usiniite hivyo tena," akasema.

"Nisikuite nini?"

"Hivyo."

Jere akacheka kidogo, akisubiri tusi la kurudishiwa. Halikuja. Kasuba alishuka ngazi na koti la mvua begani, na chini pale alipita mbele ya duka la miwani bila kumsalimia mlinzi, ambaye tangazo lake aliliandika yeye.

Mvua zikaisha, baridi ikaingia, na Kasuba akawa mtu wa getini. Mama Mapalo alikuwa amehamishia jiko la mkaa nje ya nyumba yao Chilenje, anakaanga vitumbua asubuhi na jioni. Mumewe alipewa beseni na kitambaa cha kulifunikia. Mwanzoni majirani walimwuliza, wakikumbuka ile siku ya kipaza sauti, "Bwana Matangazo, mbona husifii biashara?" Akawa anatabasamu. Mama Mapalo aliwahi kumletea kipande cha ubao aandike chochote watu wakione toka barabarani. Ubao ulikaa ukutani siku nyingi, mtupu. Kila alipoinua chaki alisikia neno lile linalokuja kichwani limevaa suti, akaiweka chini.

Jumamosi moja, watu wanarudi kutoka sokoni, Kasuba akasikia sauti anayoijua inakuja kutoka kona ya barabara.

"Ha! Nasikia kuna mtu amepanda cheo huku! Msanifu wa Vitumbua! Mchochezi wa mafuta!"

Ni Jere. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni lile shati. Watu wawili waliosimama kununua wakaanza kucheka, maana mtani akija kila mtu anajua kuna burudani, na wakamgeukia Kasuba wasikie jibu. Mama Mapalo akaacha uma wake kwenye mafuta.

"Mla nyani, sogea," Jere akasema, na akaingiza mkono kwenye beseni kama alivyouingiza kila mchana miaka yote ile. Alikuwa anatabasamu sana, na macho yake yalikuwa yanaomba. Tusi moja tu lingetosha. Neno "panya" tu, na mambo yote yangekuwa yamekwisha.

Kasuba alivuta kitambaa, akalifunika beseni kabla ule mkono haujafika. Hakulifunika kwa nguvu. Alilifunika kama mtu anayekinga vumbi.

"Ba Jere," akasema kwa heshima, "kimoja ni kwacha mbili."